Mvi za Marehemu Mbonimpa

Nianze na kosa langu, maana nisipolisema mimi atalisema yeye. Nusra, binti wa kaka yangu Gharib, aliporudi kutoka chuo Mwanza akaniambia kazi yake itakuwa kuchora watu, nilimwuliza nani kamroga. Nikamwambia Nkwenda kuna watu wa kununua kahawa, kuna watu wa kununua maharage, na kuna wanaume wanaolala nyumba za wageni wakati nyumba zao ziko mtaa wa pili. Mtu wa kununua sura yake mwenyewe, ambayo Mungu kampa bure, huyo sijamwona. Akacheka, akaniomba kona ya duka.

Duka ni langu. Jina langu Kauthar, nauza khanga, vitenge na mashuka kwenye barabara inayokwenda mpakani Uganda, palepale alipouza baba yangu na kabla yake babu yangu, aliyekuja kutoka Pangani na mzigo wa khanga akisema anapita tu. Basi bado anapita, kaburi lake liko nyuma ya msikiti. Nusra nikampa ile kona ninayoweka mashuka yaliyoingia unyevu, nikijua wiki mbili hazifiki atakuwa amechoka. Huu mwaka wa nne. Siku hizi mimi ndiye ninayebanwa kwenye kona, na wateja wakiingia wananiuliza kama mwenye duka yupo.

Anachora kwenye kishikwambi, kile kibao cha kioo kama walichotembea nacho makarani wa sensa, kwa kalamu isiyo na wino. Nilimkodolea macho siku ya kwanza, nikasubiri wino utoke wapi. Akimaliza, picha inatumwa Bukoba kwa simu, inachapwa juu ya kitambaa kigumu, inapigwa fremu, inarudi na basi. Hapo ndipo mtu anajiona ukutani mkubwa kuliko alivyo, na wengine kichwa hakishuki tena.

Kaka yangu Gharib ni mtu wa msikiti. Mwaka wa kwanza alikuwa anakuja dukani kwangu kuhubiri juu ya ubaya wa kuchora viumbe, mpaka wateja wa vitenge wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Nusra hakubishana na baba yake. Alimchora tu, kanzu ikakaa sawasawa, kofia ikakaa sawasawa, na tumbo, kwa rehema za kalamu, likarudi lilikokuwa mwaka aliooa. Mahubiri yakaisha wiki hiyohiyo. Picha ameitundika chumbani nyuma ya mlango, anasema ameificha malaika wasiione, lakini kila mgeni anaitwa chumbani kuonyeshwa.

Lakini usidhani Nusra anampendezesha kila mtu namna hiyo. Ile ilikuwa hongo ya baba. Wengine hawachori mpaka wamemsimulia maisha yao. Anakukalisha kwenye kigoda, na haulizi pua yako ikoje, anaiona. Anakuuliza siku gani uliogopa, nani ulimkosea ukanyamaza. Alikuja Ilyas wa bodaboda, anataka achorwe ameegemea gari jeusi la kifahari. Nusra akamwuliza gari ni la nani. Si lake. Atalinunua lini? Inshallah. Basi una nini chako, akamwuliza, na Ilyas kwa hasira akasimulia usiku alipombeba mama mwenye uchungu kwenye mvua, mtoto akakataa kusubiri hospitali, akazaliwa njiani, wakamfunika kwa lile koti lake la kung'aa. Nusra akachora hilo: Ilyas amelowa chapachapa, kifua wazi, ameshika koti lenye kitu kidogo ndani. Ilyas alinuna siku nzima akidai gari lake. Siku ya pili akaiweka kwenye simu, na tangu hapo hakuna abiria anayeshuka kwenye pikipiki ile bila kusimuliwa, hata anayekwenda hapo tu sokoni.

Sasa, mwaka jana msimu wa kahawa akaja Polikarpi. Polikarpi ni mnunuzi wa kahawa, mtu wa miaka hamsini na moja, tumbo linaingia dukani kwanza, yeye baadaye. Simchukii, ni mteja wangu wa mashuka, ila anaongea kama yuko jukwaani. Baba yake, Mbonimpa, alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, akalima vibarua kwenye mashamba ya watu mpaka akapata kibanja chake kidogo cha migomba huko Ndama, akaugua kifua na kufa mwaka themanini na tatu. Polikarpi alikuwa amejenga nyumba mpya, ya vigae, na padre alikuwa amekubali kuja kusoma misa ya kumwombea marehemu humo humo ndani. Ukuta wa sebuleni ulikuwa umeachwa mtupu makusudi. Alitaka baba yake akae pale.

Shida ni kwamba picha ya marehemu haikuwepo. Ilikuwepo moja, ya siku ya ndoa, iliyokaa kwenye sanduku la mbao pamoja na vyeti vya ubatizo vya familia nzima. Mchwa wakaingia. Walimla Mbonimpa na ubatizo wote. Kwa hiyo Nusra alitakiwa amchore mtu kwa maneno matupu.

Polikarpi akakaa kigodani, akaanza kumjenga baba yake kuanzia juu. Mzee alikuwa mrefu, akiingia mlangoni anainama. Mabega mapana. Sauti nzito. Mvi kichwa kizima, mvi za heshima. Suti, tai, na miwani. Nikauliza, kwa upole wangu wote, kama kibarua wa kahawa wa mwaka themanini alikuwa na miwani. Akaniangalia kama nimemtukania ukoo, akasema wazee wote wa maana wakati ule walivaa miwani.

Baada ya siku mbili akaja dada yake, Felicitas, ambaye ni muuguzi kule Nyakahanga, mwanamke mpole anayekuuliza hali yako na kweli anasubiri jibu. Yeye akasema kaka yake amekosea. Baba hakuwa na sura ngumu. Alikuwa na uso wa mviringo, pua ndogo, vishimo kwenye mashavu. Nikamtazama yeye: uso wa mviringo, pua ndogo, vishimo kwenye mashavu. Na ile pua aliyoiagiza Polikarpi juzi yake ilikuwa ya Polikarpi, imevimba vilevile. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na marehemu hakuwepo kujitetea. Baadaye Felicitas akakiri kwamba baba yao alipofariki yeye alikuwa na miaka minne, na anachokikumbuka hasa ni mgongo, maana alikuwa anabebwa.

Nusra akachanganya. Akachukua paji la uso la huyu, kidevu cha yule, akavisha suti, akaweka mvi na miwani. Akatoka mzee wa kupendeza kweli, mimi mwenyewe nilipomwona karibu nimwamkie. Alifanana na mwenyekiti wa ushirika kabla hajakaguliwa. Polikarpi alitoa kitambaa akajifuta macho mbele ya watu, akasema ipelekwe Bukoba ikachapwe leo hii.

Nusra akakataa. Ana sharti lake moja hilo, picha ya mtu aliyekufa haichapwi mpaka aonyeshwe aliyeishi naye. Na aliyeishi na Mbonimpa yupo hai, mjane wake, Therese, mama yao hawa, miaka sabini, bado anapalilia migomba yake mwenyewe Ndama kwa sababu nyumba ya vigae ameikataa. Polikarpi akasema mama ni mtu mzima, asisumbuliwe, ataiona siku ya misa. Nusra akafunga kishikwambi, akamwambia basi tutaonana baada ya sisi kutoka kwa mama. Kichwa kigumu hicho ni cha kwetu, sikatai.

Nikaenda naye. Nusra amekulia dukani, Kinyambo chake ni cha kuombea chumvi, na mimi nimeuza vitenge miaka thelathini, lugha yoyote ya kubishania bei naijua. Tukashuka Kayanga, tukachukua bodaboda mpaka Ndama, na pale kwenye njia ya kuingilia kibanja tukamkuta Therese mwenyewe na jembe begani. Mwanamke mdogo, mweusi wa kung'aa, meno ya mbele yamebaki mawili. Tukamwamkia, akaitikia, akatuingiza ndani, akatuwekea kahawa za kutafuna kwenye kisahani. Alitupokea kama tumekuja kuposa.

Nusra akamwonyesha picha. Therese akafuta mikono kwenye kitenge, akakishika kile kibao kwa ncha za vidole, akatazama sana. Kisha akauliza huyu ni nani. Nusra akasema ni marehemu, mzee Mbonimpa. Therese akatazama tena, akatikisa kichwa kwa adabu, akasema suti ni nzuri sana, na huyo mzee, yeyote yule, Mungu ampumzishe. Mimi nikaanza kucheka. Halafu nikaona anakigeuza kile kibao huku na huku, anamtafuta mtu, kicheko kikanikauka.

Akakaa. Akatazama mlangoni kama anahakikisha hakuna mwanawe nje, ndipo akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Nilidhani nikimwona nitamkumbuka. Nimemsahau sura yake, mjukuu wangu. Miaka arobaini na moja namwombea kila jioni, na huyo ninayemwombea hana uso. Nikifa nitampita. Nitampita kama mtu wa sokoni, na yeye atasema nimempita kwa makusudi."

Hakuwa amemwambia mtu. Watoto wangemcheka au wangelia, vyote hakuvitaka. Hata kwa padre hakuungama, maana ni dhambi ya namna gani hiyo, na malipizi yake nini? Misa ya Polikarpi ilikuwa baada ya wiki tatu, lakini Therese hakuwa anahesabu misa, alikuwa anahesabu afya yake. Mwaka ule alikuwa amelazwa mara mbili. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, ndivyo nilivyo, huruma kwangu inatoka kama ugomvi.

Nusra akamfuta yule mwenyekiti wa ushirika kwenye kioo, akafungua ukurasa mweupe, akamwambia, bibi, nisimulie habari zake. Therese akajiweka sawa, akaanza. Marehemu alikuwa mtu wa watu. Hakuwahi kupandisha sauti. Alipenda sala. Alipenda kazi. Wageni walipokuja aliwapa alichonacho, na wasipokuja aliwatafuta. Saa nzima! Nusra anachora, anafuta, anachora. Mwisho kikatoka kitu kinachofanana na yule mtakatifu wa kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa pale ukutani, macho juu, kinywa kimefungwa, hajala tangu Jumatatu. Therese akakitazama, akasema hapana.

Najua desturi. Marehemu hasemwi. Hata mwizi wa mbuzi akishawekwa kaburini anakuwa mfugaji. Lakini hapa heshima ilikuwa inamnyima mwanamke mumewe, na mimi uvumilivu wangu ni mfupi kuliko khanga ya mtoto.

"Mama Polikarpi," nikamwambia kwa Kinyambo, "mimi nimeolewa mara mbili, na mume wa namna hiyo sijamwona wala sijasikia harufu yake. Huyo Mbonimpa hakukuudhi hata siku moja?"

Nusra akanikanyaga mguu. Therese akageuka akaitazama kalenda kama anaiomba ruhusa, kisha akaweka kiganja mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani nimemliza. Kumbe anacheka.

Basi hapo mfereji ukafunguka. Alikuwa anatafuna kahawa upande mmoja tu, wa kushoto, kwa sababu jino la kulia lilimsumbua na kwa mganga aliogopa kwenda, shavu la kushoto likawa limetuna muda wote, na maganda anatema palepale Therese alipotoka kufagia. Alikuwa akinyimwa lubisi, pombe ya ndizi, ananuna kama mtoto. Alikuwa mwongo, siyo mwongo wa mambo makubwa, mwongo wa alikuwa wapi, na akidanganya masikio yanacheza. Yalikuwa makubwa hayo masikio, yamesimama mbali na kichwa kama yanataka kuondoka. Alikuwa na wivu na katekista. Nusra akauliza mdomo ukinuna unakuwaje, na Therese hakujibu kwa maneno, aliununisha mdomo wake mwenyewe, wa chini ukatoka nje na kupinda kidogo, jicho moja likafinya. Akauliza akidanganya uso unakuwaje, Therese akafanya. Akikasirika? Akafanya. Bibi wa miaka sabini amekaa kwenye mkeka anatukunjia uso wa mwanamume, na Nusra kalamu inakimbia. Kichwa chake kilikuwa kimemsahau mumewe, lakini uso wake ulikuwa umejifunza kila kitu chake miaka ile ya kugombana na haukuacha.

Tena alikuwa na majivuno, akaendelea, sasa hatuwezi kumzuia. Kidevuni alikuwa na nywele tatu. Tatu. Alizipaka samli kila Jumapili kabla ya kanisa, akisema ndevu zinakuja. Siku alipomkasirisha sana, Therese alisubiri mumewe alale, akang'oa moja.

Nusra akasimamisha kalamu.

"Bibi," akasema, "alikuwa na miaka mingapi alipofariki?"

Therese akasema thelathini na moja, ya thelathini na mbili alikuwa hajaifikisha.

Tulitazamana, mimi na Nusra, wajinga wawili wenye elimu. Mwaka tuliambiwa, tumbo la Polikarpi tuliliona, hesabu hakuna aliyeifanya. Mimi ninayejua idadi ya doti zilizobaki kwenye rafu ya juu, haikunijia. Marehemu kwetu ni mzee, baba wa mtu mkubwa lazima awe mkubwa zaidi, tukampandisha umri huko aliko kama askari anayepandishwa cheo. Na Polikarpi hakudanganya. Alikuwa na miaka kumi, na mtoto wa miaka kumi ukimsimamisha mbele ya mwanamume wa thelathini na moja atakuapia kwamba ameona mzee mwenye mvi anayeinama mlangoni. Therese akasema kwa kuongezea kwamba mumewe alikuwa mfupi.

Nusra hakumwonyesha picha siku ile, alisema bado haijakaa sawa. Tukarudi Nkwenda, akafanya kazi siku tano hataki kusemeshwa. Polikarpi alipokuja kuangalia, akamkuta kwenye kioo kijana mwembamba, shavu la kushoto limetuna, masikio nje, mdomo wa chini umeanza kununa, shati la kazi lililopauka, na mkononi kahawa nyekundu zilizochumwa. Kidevuni nywele mbili. Polikarpi akauliza huyu kibarua ni wa nani.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Alipoambiwa ni baba yake, alipiga kelele zilizowaleta watu kutoka sokoni. Alisema ametukanwa. Alisema wageni wataingia sebuleni wamwulize huyo ni mwanawe wa ngapi, na padre yupo hapo anasikia. Mtu wa miaka hamsini na moja hawezi kumwita baba mtoto wa watu asiye na ndevu. Anataka mzee wake wa suti, na asipopewa atakwenda kwa mchoraji mwingine Bukoba. Nusra akamsubiri amalize, akamwambia picha ni yake, ukuta ni wake, lakini macho yanayojua ni ya mama yake, waende wote wakamwulize. Nilitegemea akatae. Akakubali, kwa sababu alikuwa na uhakika.

Jumamosi tukaenda kwa gari lake, Felicitas tukampitia Nyakahanga. Therese alikuwa amevaa kitenge kipya, nilichomuuzia Polikarpi mimi mwenyewe. Nusra akamwekea kishikwambi magotini bila kusema neno.

Alitazama. Akanyoosha kidole akagusa shavu, lile la kushoto, na kwa sababu ni kioo cha kuguswa picha ikaruka, mdomo ule ulionuna ukajaa kibao kizima. Therese akashtuka, akarudi nyuma, halafu akasema neno moja tu, ndiye. Baada ya hapo akaanza kuongea naye kwa Kirundi, ambacho sikijui, lakini ile sauti naijua, ni sauti ya mwanamke ambaye mumewe amechelewa na chakula kimepoa. Alimsema dakika nzima. Machozi yanashuka na yeye anamsema. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Polikarpi alikuwa amesimama mlangoni, mlango ule ule aliosema baba yake alikuwa anainama. Akaja akachuchumaa nyuma ya mama yake, tumbo likimpa taabu, akatazama juu ya bega lake. "Alikuwa mdogo hivi," akasema, siyo kwa mtu. Nadhani ndipo alipojumlisha kwamba amemzidi baba yake miaka ishirini. Suti hakuitaja tena, wala miwani.

Tungeondoka hapo, kila mtu akiwa ameridhika. Lakini Therese hakuwa amemaliza. Akashika uso wake mwenyewe, akapitisha kidole kwenye mashavu, kwenye kinywa palipokuwa na meno, akatazama kioo, akashika tena uso.

"Huyu hanijui," akasema.

Felicitas, kwa upole wake wa wodini, akamwambia mama, ndiye baba, wewe mwenyewe umesema ndiye.

"Najua ni baba yenu. Mimi nimeshampata. Yeye hanijui mimi," akasema Therese. "Aliacha msichana wa miaka ishirini na tisa. Nitafika kule nimefurahi, namkimbilia, na yeye atainama aniamkie shikamoo, aniulize kama njiani nimemwona mke wake."

Nilitafuta mzaha, nina mzaha wa kila kitu, sikuupata. Nusra alikohoa, akasema anaweza kumchora na yeye pembeni ya mumewe, akiwa msichana kama alivyokuwa siku ile ya ndoa, Felicitas amefanana naye, atamsaidia kupata sura.

Therese akakataa. Akavuta mkeka mpaka mlangoni penye mwanga, akaketi, akaondoa kilemba kichwani, mvi zikatoka zote.

"Nichore hivi hivi nilivyo," akasema. "Usinipunguzie hata mwaka mmoja. Aanze kunizoea."

Nusra akashika kalamu, akamwomba ageuke kidogo kulia, upande aliko mumewe.